Laptopu imezima siku tisa baada ya waranti kuisha, fundi anataka laki nne na nusu

Ligula_Juu
Jumamosi 14 Juni 2025, saa 2:10 usiku

Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini. Nina laptopu ya inchi 14, Core i5, RAM GB 8, SSD GB 256, Windows 11. Niliinunua mpya dukani hapahapa mjini mwaka jana, ndiyo inayoendesha steshenari yangu: barua, maombi ya ajira ya vijana, kuprinti.

Alhamisi mchana umeme ulikatika. Nikaitumia kwa betri hadi ikabaki asilimia 4, nikaizima. Usiku umeme uliporudi nikachomeka chaja, kimya. Taa ya kuchaji iliyo ubavuni haiwaki, kitufe cha kuwasha hakifanyi lolote, hata feni haizunguki. Chaja ni ileile iliyokuja nayo, wati 65, pini ya duara.

Leo nimekwenda dukani, wakaingiza namba ya seriali kwenye tovuti ya kampuni, wakanionyesha: waranti imeisha tarehe 3 Juni. Yaani siku tisa kabla haijazima! Wakasema hapo hawana la kufanya. Nikapita kwa fundi, akachomeka chaja, akabonyeza kitufe mara mbili, akasema mazabodi (bodi kuu ya ndani) imekufa. Laki nne na nusu, inaagizwa Kariakoo, nitangulize nusu. Msimu wa korosho bado miezi minne, wateja wangu hawana hela na mimi kwa hiyo sina.

Mazabodi inaweza kujulikana imekufa kwa dakika moja? Kwenye waranti kuna mlango wowote uliobaki? Na kazi za watu zilizomo ndani zitapona?

FundiRisasi
Saa 3:05 usiku

Pole mkuu. Dakika moja inatosha kujua umeme hauingii, basi. Kuanzia ukutani hadi kwenye prosesa umeme unapita waya, chaja, pini, tundu la chaja, kipande cha waya kinachotoka kwenye tundu kwenda kwenye mazabodi, halafu mosifeti mbili (swichi ndogo za umeme) zinazokaa mlangoni, ndipo uanze kugawanywa. Kimoja kikigoma mashine inakuwa kimya vilevile kama mazabodi nzima imeungua. Mafundi wengi hukimbilia kubadilisha mazabodi kwa sababu kubadilisha ni kazi ya bisibisi, kutafuta kilichokufa ni kazi ya mita na pawasaplai ya mezani, na si kila banda linayo.

Anza na vitu visivyohitaji kufungua.

Angalia taa ndogo kwenye boksi la chaja au kwenye ncha ya pini. Chomeka chaja ukutani peke yake. Taa isipowaka, shida ni chaja au waya wake wa ukutani. Ikiwaka, ingiza pini kwenye laptopu huku macho yako yapo kwenye ile taa, si kwenye laptopu. Ikizima papo hapo, kuna shoti upande wa kuingilia na chaja inajilinda. Chaja nyingine haiwaki tena mpaka uichomoe ukutani uisubiri sekunde kadhaa, kwa hiyo usidhani umeiua. Jaribu mara moja au mbili tu, usirudierudie. Ikibaki inawaka na laptopu iko kimya, basi umeme unafika mlangoni lakini haupokelewi, hiyo ni njia nyingine kabisa.

Ukipata mita, pima chaja. Hapa ndipo chaja nzima nyingi zinapotupwa. Zile mita za bei rahisi zina alama ya 20 na ya 200 upande wa volti za DC. Weka 200. Ukiweka 20 na chaja ikatoa 20 na pointi, mita itakuonyesha "1" ukadhani chaja mbovu. Pili, ile sindano nyembamba katikati ya pini ya duara si chanya. Kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa laptopu. Chanya ni ukuta wa ndani wa pini, hasi ni ganda la nje. Ukipima kwenye sindano utapata namba isiyo na maana. Namba sahihi imeandikwa kwenye chaja, kwa kawaida 19, 19.5 au 20 kutegemea kampuni. Ikizidi kwa pointi chache si tatizo. Ncha ya mita isiguse ndani na nje kwa pamoja.

La tatu: chomoa chaja, kandamiza kitufe cha kuwasha sekunde 30, achia, chomeka chaja uiache dakika 20 ndipo ujaribu. Betri iliyoshuka hadi mwisho huchajiwa taratibu sana mwanzoni.

La nne ndilo ninalolitaka zaidi. Tazama kama laptopu ina tundu la Type-C lenye alama ya radi au ya pini ya chaja pembeni yake. Kama lipo, azima chaja ya Type-C ya laptopu, wati 65 hivi. Ya simu ya wati 18 haitasaidia. Tuletee majibu, tutajua kama tunafungua.

KaratasiKwanza
Saa 3:48 usiku

Fundi yuko sawa, ila wewe bisibisi iache kwanza. Mpaka tarehe ijulikane, mashine isifunguliwe na mtu yeyote, na hiyo nusu usiitoe.

Risiti yako inasema ulinunua lini? Tarehe ya kwenye tovuti si lazima iwe siku uliyolipa. Kampuni haijui wewe umenunua lini mpaka mtu aiambie. Inachokijua ni siku mzigo ulipotoka kwake kwenda kwa msambazaji, na mara nyingi mwaka unaanza kuhesabiwa hapo. Mashine ikikaa rafuni wiki tatu, wiki hizo tatu zimeshaliwa kwenye mwaka wako. HP, Dell na Lenovo wote wana utaratibu wa kurekebisha tarehe ya kuanza kwa mteja mwenye uthibitisho wa ununuzi. Unatuma risiti na namba ya seriali, wanasogeza.

Kwa hiyo siku tisa za tovuti zinaweza zisiwepo. Kama mashine iliuzwa kama mpya kumbe ilishatumika nje, hilo halitakusaidia, tarehe itakuwa ya miaka kadhaa nyuma. Yako imeisha juzi, ina maana ilitoka kiwandani karibu na siku uliyoinunua. Ni dalili nzuri.

Soma pia masharti ya betri peke yake. Kampuni nyingi hata zikitoa miaka mitatu kwa mashine, betri inabaki na mwaka mmoja. Si shida yako ya leo, lakini watu hushangaa.

Ligula_Juu
Jumapili 15 Juni, saa 10:20 jioni

Asanteni sana. (FundiRisasi, mimi ni dada, lakini "mkuu" nayo nimeipenda.)

Majibu: mita kwenye 200 inasoma 19.6, kwenye chaja imeandikwa 19.5. Taa ya chaja inawaka vizuri ukutani. Nikiingiza pini, inazima hapohapo, nikichomoa inakaa kama sekunde nne inawaka tena. Nimefanya mara mbili tu.

Type-C ipo na ina alama ya pini ya chaja. Nimeazima chaja ya wati 65 kwa mwalimu mmoja, nikachomeka, na taa ya ubavuni IMEWAKA. Baada ya robo saa nikabonyeza kitufe, ikaamka. Kila kitu kipo. Sasa hivi naandika nayo!

Risiti ndiyo balaa. Ilikuwa kwenye droo, imekuwa nyeupe kama karatasi ya kaunta. Nina kadi ya waranti ya duka yenye mhuri, 27/6/2024, na namba ya seriali imeandikwa kwa kalamu. Nililipa kwa simu.

FundiRisasi
Saa 11:02 jioni

Dada, mazabodi yako haijafa. Mashine isingewaka kwa Type-C kama njia kuu ya umeme ina shoti, kwa sababu njia zote mbili zinakutana ndani mahali pamoja. Zinatenganishwa na mosifeti, kila tundu na zake. Shoti yako iko kabla ya makutano hayo, upande wa pini ya duara: tundu lenyewe, kipande chake cha waya, au kimojawapo kati ya vitu vichache vilivyo hatua ya kwanza kwenye mazabodi.

Na hili litakufaa kwenye madai: umeme uliorudi kwa kishindo ungeanza na chaja, ndiyo inayopokea kofi. Chaja yako inatoa 19.6 bila wasiwasi. Kwa hiyo hadithi ya "umeme umeiunguza" haina ushahidi, usiiandike popote.

Endelea na Type-C. Ile pini ya duara usiiingize tena, hata kwa kujaribu.

KaratasiKwanza
Saa 11:30 jioni

27 Juni 2024! Kwa hesabu ya mwaka mmoja tangu ununuzi, waranti yako inafika 26 Juni 2025. Leo ni tarehe 15. Una siku 11 mkononi, si siku tisa ulizochelewa. Usizilaze.

Kinachohesabika ni siku uliyoripoti, si siku mashine ilipofika mezani kwao. Kwa hiyo kesho asubuhi fungua madai kwa maandishi kwenye tovuti ya kampuni au kwa barua pepe, upate namba ya kesi. Simu peke yake isikuridhishe. Ukipiga, malizia kwa barua pepe inayosema "kama nilivyoeleza leo saa fulani". Omba mambo mawili kwenye ujumbe mmoja: tarehe ya kuanza irekebishwe kwa siku ya ununuzi, na tatizo lifunguliwe kesi. Ukiomba la kwanza tu wanaweza kulijibu baada ya wiki mbili, na la pili litakuwa limepitwa.

Kwenye maelezo andika dalili: chaja ya asili inatoa volti 19.6, taa ya chaja inazima pini ikiingia, mashine inawaka na kuchaji kwa Type-C, haijawahi kufunguliwa. Sababu waachie wao. Nimeona wateja wakijiandikia "labda maji" au "labda umeme" wakati hawajui, halafu neno hilo ndilo linalonukuliwa kwenye barua ya kukataa. Lakini kama kweli iliingia maji, sema. Wakifungua wataona.

Risiti sasa. Zile karatasi za EFD (mashine za risiti za kodi) zinachapwa kwa joto, ndiyo maana zinafutika kwa joto, na droo za huku kwetu unazijua. Ipeleke karibu na dirisha, ishike mshazari ili mwanga upite juu yake kwa ubavu, piga picha, kisha kwenye simu punguza mwangaza wa picha na uongeze utofauti wa rangi hadi mwisho. Mara nyingi maandishi yanajitokeza kijivu. Unachokitafuta ni msimbo wa uhakiki na saa ya kutolewa, au kile kimraba cha kuskani. Ukivipata, risiti inaonekana kwenye ukurasa wa uhakiki wa TRA, mamlaka ya mapato, ikiwa na tarehe, jina la duka na kiasi, unaihifadhi kama faili.

Isipoonekana, rudi dukani na kadi yao. Usiende kugombana. Waombe ankara au barua yenye mhuri inayosema wamekuuzia mashine yenye seriali hii tarehe hii. Ukiwaambia siku na kiasi, rekodi ya mauzo wanaipata. Ambatisha na taarifa ya malipo ya simu ya siku hiyo. Kadi yenye mhuri, barua na muamala, vikisema tarehe moja, ni vigumu kuvipinga.

Wakikataa hata barua, hapo ndipo unataja sheria, na uitaje kwa upole. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 zinamwekea muuzaji sharti la ubora wa bidhaa hata kama kadi ya waranti haisemi neno. Kadi ni ahadi ya ziada juu ya hapo. Malalamiko ya mlaji yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Ila ujue mzigo: itabidi uonyeshe kasoro ilikuwemo tangu mwanzo, na tundu la chaja lililotumika mwaka mzima linabishaniwa. Ndiyo maana nakusukuma kwenye waranti kwanza, huko huthibitishi chochote zaidi ya tarehe.

Msimbati_Pwani
Saa 1:15 usiku

Wote mnazungumzia waranti na tundu, mashine iko macho na hakuna aliyemwambia dada ahifadhi kazi zake! Fanya usiku huu. Diski ya nje au hata flashi mbili, nakili nyaraka, desktopu, vilivyopakuliwa, na barua pepe kama unatumia programu ya kwenye mashine. Vijana wengi huhifadhi vyeti vyao kwenye desktopu ya steshenari, hapo hapo panasahaulika.

Jingine ambalo watu hulijua likishawauma. Windows 11 ukiingia kwa akaunti ya Microsoft mara nyingi inafunga SSD kwa BitLocker (kufuli la Windows la kuficha data) yenyewe bila kukuuliza. Ufunguo uko kwenye chipu ya mazabodi. Siku mazabodi ikibadilishwa, au SSD ikitolewa ikachomekwa kwenye mashine nyingine, unaombwa ufunguo wa tarakimu 48, makundi manane ya sita sita. Huna, kazi zimekwenda, hakuna fundi wa Mtwara wala wa Dar atakayezitoa. Nenda aka.ms/myrecoverykey kwa simu, ingia na akaunti ileile, nakili ufunguo kwenye daftari pamoja na herufi za utambulisho wake. Usiuhifadhi kwenye laptopu hiyohiyo.

Ungekubali ile laki nne na nusu, ungekutana na hilo. Na leseni ya Windows nayo mara nyingi imeandikwa kwenye BIOS (programu ya kuwashia mashine) ya mazabodi ya zamani, inaondoka nayo.

Ligula_Juu
Jumatatu 16 Juni, saa 7:40 mchana

Nimehifadhi, ufunguo nimeupata. Msimbo wa risiti umeonekana kwa mbinu ya dirishani, nusu tu, lakini duka wametoa barua yenye mhuri baada ya kuona picha. Kesi imefunguliwa asubuhi, namba ninayo. Wameomba picha ya ndani ya tundu la chaja, nimewasha tochi nikapiga. Kuna kitu cha kijani kidogo kwenye ukingo wa chuma. Ndicho nini? Na nikifute kabla sijatuma?

FundiRisasi
Saa 8:25 mchana

Usifute. Usiguse kabisa, hasa kwa sindano au kijiti cha meno. Tuma kama ilivyo.

Kijani ni kutu ya shaba. Pwani yetu hewa ina chumvi na unyevu, na tundu la chaja ni chuma kinachokaa wazi muda wote. Pini ikiwa imelegea kidogo, kila ikitikisika inapiga cheche ndogo, cheche inachoma rangi ya juu ya chuma, chumvi inaingia. Vumbi likichanganyika na unyevu huo linaweza kupitisha umeme kati ya ukuta wa ndani na ganda. Kipande kidogo cha ukingoni hakimaanishi maji yameingia. Alama za maji huwa ndani: madoa meupe au ya kahawia kwenye mazabodi na vile vibandiko vidogo vinavyobadilika rangi vikiloa. Wakikujibu "kimiminika", omba picha ya vibandiko hivyo.

Sasa nikuandikie la kufanya wakikataa, uwe nalo.

Kazi ya kwanza ya fundi yeyote iwe hii, na akisema haiwezekani mpite. Afungue kava la chini, achomoe betri kwanza, kisha achomoe soketi ya waya wa tundu la chaja kutoka kwenye mazabodi. Tundu likiwa limening'inia peke yake, achomeke chaja ndani yake. Taa ikizima hata hapo, mbovu ni tundu na waya wake. Hicho ni kipande kinachouzwa pekee, kinafungwa kwa skrubu moja au mbili, hakuna hata risasi ya kuchomelea. Aagize kwa namba ya kipande iliyoandikwa kwenye kibandiko cha waya huo, si kwa jina la laptopu, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na urefu wa waya na idadi ya nyaya tofauti.

Taa ikibaki inawaka, shoti iko kwenye mazabodi. Apime kwa mita, betri ikiwa nje, kati ya pini chanya ya soketi hiyo na graundi. Mazabodi isiyo na shoti inaonyesha kilo-omu, au namba inapanda kapasita zikijaa. Ikisoma chini ya omu chache, shoti ipo. Wanaoshukiwa ni wachache: kapasita za kauri zilizo karibu na soketi, diodi ya kinga, na mosifeti ya kwanza. Njia safi ni pawasaplai ya mezani, volti 1, isizidi, ampea 2 au 3, pale penye shoti, na tone la alkoholi juu ya vipande. Kinachokausha alkoholi kwanza ndicho mkosaji. Anatolewa kwa bloa ya hewa ya moto, mita inapimwa tena kabla ya kuweka kipya. Kapasita mpya iwe ya volti 25 au zaidi. Wapo wanaoitoa tu na kuacha pengo, mashine inawaka kwa sababu ziko kadhaa sambamba, lakini zilizobaki zinabeba mzigo wa ile. Irudishwe.

Kuna kosa moja la kumnasa fundi. Akiweka ncha ya mita kwenye koili zilizozunguka prosesa akapata omu moja au pungufu, akakwambia "prosesa ina shoti", mshukuru uondoke. Prosesa za sasa zikiwa nzima zinasoma hivyohivyo.

Kwa malipo, kataa mkataba wa "nitengeneze ndipo tuone". Ada ya uchunguzi mkubaliane kabla, kazi yenyewe ilipwe mashine ikichaji kwa pini ya duara dakika 30 mbele yako, na kipande kilichotolewa urudishiwe. Kwa tundu, haikaribii bei ya mazabodi hata kidogo. Na mtu akirudi kwenye wazo la mazabodi iliyotumika, kumbuka prosesa imechomelewa humo, kwa hiyo namba iliyochapwa kwenye bodi na aina ya prosesa vyote lazima vifanane na vyako.

Ligula_Juu
Jumatano 18 Juni, saa 3:15 asubuhi

Wakuu, tarehe kwenye tovuti sasa inasoma 26 Juni 2025! Kesi imepokelewa, wanasema niifikishe kituo chao Dar, tundu litabadilishwa na wataangalia mazabodi. Nitaituma kwa basi. Nitoe SSD au niiache?

Msimbati_Pwani
Saa 4:02 asubuhi

Waulize kwa barua pepe, jibu libaki kwenye kesi. Vituo vingine vinaruhusu mteja atoe SSD, vingine vinataka mashine ikamilike ili waipime. Maadamu haijafunguliwa na waranti bado ni mbichi, mimi ningeiacha, kwa kuwa nakala na ufunguo unavyo. Nywila yako usiitoe. Tengeneza akaunti nyingine ya kawaida isiyo na faili, andika nywila ya hiyo kwenye karatasi utakayoiambatisha.

Kufungasha: usiifunge ikiwa imelala usingizi, inapata joto ndani ya boksi njia nzima, na Dar ni kama kilomita 560. Shikilia Shift unapobonyeza kuzima, hapo inazima kabisa. Betri iwe karibu nusu. Katikati ya kioo na kibodi usiweke kitu kinene, wengi huweka kitambaa cha kunawia na kioo kinapasuka kwa kubanwa. Zungushia nailoni ya mapovu, boksi gumu, sentimita tano za pamba au magazeti yaliyokunjwa kila upande, utikise usisikie kitu kikicheza. Chaja ya pini ya duara iende nayo, ndiyo ushahidi wako, lakini iwe kwenye mfuko wake isije ikasagana na kioo.

Kabla ya kufunga, piga picha pande zote sita, seriali ya chini isomeke, na skrini ikiwa imewaka. Ofisini kwa basi sema ni laptopu na thamani yake, iandikwe kwenye stakabadhi. Wengi huandika "mzigo" tu. Juu ya boksi, namba ya kesi na ya simu yako.

KaratasiKwanza
Saa 4:40 asubuhi

Na ikirudi, kabla hujasaini, chomeka pini ya duara palepale utakapoipokea. Omba karatasi ya kazi inayotaja kipande kilichobadilishwa, na uliza kipande hicho kina waranti ya siku ngapi. Inahesabiwa peke yake, hata baada ya tarehe 26.